Sikukuu nne za vuli duniani: uende ipi, na ufike lini?

Neno vuli kwetu lina maji ndani yake. Ukilitaja Tanga au Kilifi, mtu anawaza mvua za Oktoba hadi Desemba, mbegu za muda mfupi na tope la mtaani. Vitabu vya shule vililichukua neno hilohilo vikalipa majira mengine kabisa, ya nchi za kaskazini, ambako kuanzia tarehe 22 au 23 Septemba usiku unaanza kuushinda mchana, majani yanageuka manjano na mekundu, kisha yanadondoka. Wengine huyaita majira ya mapukutiko. Nalipenda neno hilo, kwa sababu ukilitamka unasikia kabisa majani yakianguka. Mavuno yameshaingia ghalani, baridi haijaanza kuuma, watu wana chakula na wana nafasi, na ndiyo maana sikukuu nyingi kubwa za huko zimejikusanya katika wiki hizo.

Mimi nakata tiketi za ndege Dar es Salaam. Kila mwaka ifikapo Juni wanaanza kuja: mwalimu aliyejiwekea akiba miaka mitatu, mume na mke wanaotimiza miaka kumi ya ndoa, binti ambaye kaka yake yuko Ohio. Wana likizo moja kati ya Septemba na Novemba, wameona picha kwenye simu, na swali ni lilelile: "Dada, niende wapi?" Sikukuu wanazozitaja zaidi ni nne: Oktoberfest, sherehe ya bia ya Ujerumani, sikukuu ya mwezi mpevu ya China na jirani zake, Siku ya Wafu ya Meksiko, na Thanksgiving, sikukuu ya kushukuru ya Marekani. Nitaziweka zote kwenye mizani moja, kisha wewe upime.

Vigezo

Cha kwanza ni tarehe. Kuna sikukuu inayokaa mahali pamoja kila mwaka na kuna inayotembea, na ukikosea kwa wiki moja nauli yako imekwenda bure.

Cha pili ni mlango wa mgeni. Hiki wengi hawakiulizi, na mimi ndicho ninachokitanguliza. Kuna sikukuu za uwanjani, ambako yeyote anaingia, na kuna sikukuu za sebuleni, zinazoliwa ndani ya nyumba za watu. Ukienda kwenye sikukuu ya sebuleni huna mwenyeji, utazunguka mitaa mitupu huku harufu ya chakula ikikupita puani. Picha za mtandaoni zinakuonyesha meza. Mlango hauonekani.

Cha tatu ni meza yenyewe: kuna nini cha kula na kunywa, na mtu asiyetumia nguruwe au pombe atafanyaje. Cha nne ni mfuko, yaani gharama, viza, na msongamano unaopandisha bei ya kila kitu.

Uzuri sikuuweka kwenye mizani, kwa kuwa zote nne ni nzuri.

Oktoberfest, Munich

*Tarehe.* Jina linasema Oktoba, lakini ukifika katikati ya Oktoba utawakuta mafundi wanabomoa mahema. Sherehe hufunguliwa Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 15 Septemba na kwa kawaida hufungwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Kwa mwaka 2026 ni 19 Septemba hadi 4 Oktoba. Chanzo chake ni harusi. Tarehe 12 Oktoba 1810 Ludwig, mrithi wa kiti cha ufalme wa Bavaria, alimwoa Therese, na siku tano baadaye zikafanyika mbio za farasi kwenye uwanja ambao mpaka leo unaitwa Theresienwiese, kwa jina la bibi harusi. Miaka ikapita, waandaaji wakaisogeza sherehe hadi Septemba kwa sababu jioni za Septemba bado zina joto kidogo.

*Mlango wa mgeni.* Uko wazi kuliko zote nne. Kuingia uwanjani ni bure, na mwaka 2023 waliingia watu wapatao milioni 7.2. Siku ya kwanza, saa sita kamili mchana, meya wa jiji hugongelea bomba kwenye pipa la kwanza ndani ya hema la Schottenhamel na kutamka "O'zapft is!", yaani pipa limefunguka. Kabla ya hapo hakuna hema linalouza bia. Tatizo ni kiti. Ndani ya hema hupewi bia ukiwa umesimama, na meza za jioni na za Jumamosi huwekwa na makundi miezi mingi kabla. Mtu anayekuja peke yake au na mwenzake mmoja aende siku ya kazi, mchana, akaulizie sehemu ya meza zisizowekewa nafasi. Atabanana benchi moja na wazee wa Bavaria waliovaa kaptura za ngozi, na ndani ya nusu saa watakuwa wanamuuliza habari za Kilimanjaro. Begi lisizidi ujazo wa lita 3, la sivyo unarudishwa getini.

*Meza.* Bia ni ya viwanda sita vya Munich tu, inauzwa kwa kopo la lita nzima, na ina nguvu ya karibu asilimia 6. Mwaka 2024 lita moja ilikuwa kati ya yuro 13.60 na 15.30. Nguruwe yupo kila upande. Ila wapo pia kuku wa kuchoma, samaki wa kubanikwa kwenye kijiti, mikate ya chumvi mikubwa kama sinia, na lozi za kukaangwa na sukari ambazo harufu yake unaipata ukiwa bado mbali na geti. Asiyekunywa atapata juisi ya tufaha iliyochanganywa na soda. Nitasema wazi kwamba mchana atafurahi sana, lakini baada ya saa moja jioni hema zima linapanda juu ya mabenchi kuimba, na hapo asiye na kopo anaanza kutazama saa.

*Mfuko.* Viza ni ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Hoteli za Munich hupanda bei mno wiki hizo. Wengi ninaowapanga nawalaza Augsburg, wanakuja kwa treni asubuhi na kurudi usiku.

*Inamfaa nani.* Kundi la marafiki wanaopenda makelele mazuri, na msafiri mpweke asiye na ndugu Ulaya. Kwa watoto pia inawezekana kuliko watu wanavyodhani: Jumanne ni siku ya familia na bembea hushushwa bei, tena miaka mingi, ingawa si yote, huwa kuna sehemu ya kale iitwayo Oide Wiesn, ya kiingilio kidogo, yenye utulivu na michezo ya zamani. Ila mtoto wa chini ya miaka 6 haruhusiwi kuwa ndani ya hema baada ya saa mbili usiku.

Sikukuu ya mwezi mpevu: China, Vietnam, Korea

*Tarehe.* Ni siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda ya Kichina. Mwaka 2025 iliangukia 6 Oktoba, mwaka 2026 ni 25 Septemba, mwaka 2027 ni 15 Septemba. Sisi tunaotazama mwezi mwandamo tunaelewa haraka kwa nini inatembea, lakini kuna tofauti inayowachanganya wateja wangu. Ramadhani huzunguka mwaka mzima, kwa sababu kalenda ya Kiislamu haiongezwi kitu na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Kalenda ya Kichina huongezewa mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19 ili irudi kwenye mstari wa jua. Ndiyo maana mwezi wao wa nane hauwezi kutoroka ukaingia kiangazi. Unayumba kati ya Septemba na mwanzo wa Oktoba, basi.

*Mlango wa mgeni.* Hapa nina la kusimulia. Niliwahi kufika Seoul mkesha wa Chuseok, ambayo ndiyo sikukuu hiyo kwa Wakorea. Nilitarajia taa na ngoma. Nilikuta milango ya maduka imeshushwa, tiketi za treni zimekwisha, na jiji kubwa limenyamaza kama Kariakoo asubuhi ya Idi. Watu walikuwa wamekwenda vijijini kwao kufyeka nyasi kwenye makaburi ya wazee na kuwaandalia chakula cha heshima. Siku ya pili mama mwenye nyumba ya wageni aliniona nimekaa ngazini peke yangu. Alirudi ndani, akatoka na kisahani chenye vitu vitano vidogo, unga wa mchele uliokandwa umbo la nusu mwezi, ndani ufuta na asali. Vilinukia msonobari, kwa kuwa hupikwa kwa mvuke juu ya majani yake. Aliketi pembeni yangu mpaka nikamaliza. Hatukuwa na lugha moja. Kwangu Chuseok ilikuwa ile dakika kumi ya ngazini, na nisingeipata kama si huruma yake.

Kwa hiyo Korea ni ya sebuleni. Kuna makasri ya kifalme ya Seoul ambayo kwa kawaida hufunguliwa bure siku hizo, nayo yanapendeza, lakini usiende kwa ajili ya hayo peke yake.

Hong Kong na Vietnam ni habari nyingine. Vietnam wameigeuza kuwa sikukuu ya watoto, na jioni mitaa ya Hanoi inajaa taa za karatasi zenye umbo la nyota. Hong Kong, katika kitongoji cha Tai Hang, tangu mwaka 1880 wanacheza joka la moto: mwili wa nyasi wenye urefu wa mita 67, umechomekwa maelfu ya vijiti vya ubani vinavyowaka, na wanaume wengi wanalikimbiza kwenye vichochoro vyembamba. Wanasema lilichezwa mara ya kwanza kufukuza maradhi yaliyokuwa yanaua wanakijiji. Moshi unakuingia machoni, cheche zinaruka, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Unasimama tu kando ya njia.

*Meza.* Keki za mwezi ni nzito. Moja hukatwa vipande vinane, ikaliwa na chai na watu wanne. Ndani kuna mbegu za yungiyungi zilizosagwa, na katikati kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi, mviringo na wa manjano kama mwezi wenyewe. Waislamu waulize kabla ya kula, maana nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Guangzhou, mitaa ya Xiaobei, kuna migahawa ya halali ambayo wafanyabiashara wetu wanaijua kwa majina. Pombe si sharti popote. Hii ndiyo faida kubwa ya sikukuu hii kwa familia nyingi za Pwani.

*Mfuko.* Chakula na malazi si ghali ukilinganisha na Ulaya. Hatari iko kwenye kalenda. China ina mapumziko ya taifa kuanzia 1 Oktoba, na mwaka sikukuu ya mwezi inapoangukia ndani yake, kama ilivyotokea 2025, nchi nzima iko barabarani kwa siku nane mfululizo na viwanda vimefungwa. Mwaka 2026 sikukuu inatangulia, kwa hiyo kuna nafasi ya kupumua. Mtu anayekwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Guangzhou yanayofunguliwa 15 Oktoba asidhani atavipata vyote viwili kwa safari fupi. Kati yake kuna wiki tatu.

*Inamfaa nani.* Wazazi wenye watoto, kwa Hanoi au Hong Kong. Wasiokunywa. Na Korea imfae mwenye mwenyeji wa Kikorea, mwanafunzi mwenzake au mkwe, aliyemwalika kwa kinywa chake.

Siku ya Wafu, Meksiko

*Tarehe.* Haisogei: 1 na 2 Novemba, siku za Watakatifu Wote na za marehemu katika kalenda ya Kanisa Katoliki, juu ya desturi za wenyeji zilizokuwepo kabla ya Wahispania. Usiku wa kuamkia tarehe 1 wanasubiriwa watoto waliokufa. Tarehe 2 ni ya watu wazima. Masoko ya maua yanachangamka siku kadhaa kabla, na ukifika 29 Oktoba utakuwa umewahi vizuri.

*Mlango wa mgeni.* Uko nusu. Maandamano makubwa ya jijini Mexico City ni ya uwanjani kabisa, na ujue kwamba ni mapya. Yalianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond kuyabuni kwenye skrini, na jiji likaona kwa nini tusiyafanye kweli. Yana rangi na vifijo, lakini siyo sikukuu yenyewe. Sikukuu yenyewe iko makaburini na mbele ya meza za nyumbani.

Meza hizo hupangwa hivi. Picha ya marehemu juu. Glasi ya maji, kwa kuwa ametoka mbali na ana kiu. Kisahani cha chumvi. Mishumaa. Chakula alichokipenda, hata kama kilikuwa soda na sigara. Maua ya cempasúchil ya rangi ya chungwa kali yanapukuchuliwa petali na kutandazwa kuanzia mlangoni hadi mezani, ili rangi na harufu zimwonyeshe njia. Na ubani wao uitwao copal, utomvu mkavu wa mti. Mzee yeyote wa Pwani akiusikia moshi ule atatambua undugu wake na sandarusi, utomvu tuliouchimba ardhini na kuuza nje kupitia Unguja katika karne ya 19. Miti ni tofauti, lakini Wazungu waliziita zote mbili copal, kwa neno walilolichukua huko Meksiko.

Sisi tuna arobaini, tuna hitima, tuna kuzuru makaburi. Kwa hiyo jambo la kuwakumbuka waliotangulia si geni kwetu. Kinachokushangaza kule ni kwamba hawalii. Wanakaa juu ya kaburi usiku kucha, wanakula, wanapiga gitaa, bibi anamsimulia marehemu habari za wajukuu. Mwislamu au Mkristo wa kilokole anaweza kupata ugumu moyoni mbele ya meza hizo, na ugumu huo ni halali. Aujue kabla ya kulipa nauli. Na yeyote atakayeenda, iwe Oaxaca au kisiwa cha Janitzio katika ziwa Pátzcuaro, asimpige mtu picha kaburini kwa mama yake bila kuomba. Nunua maua, salimia, subiri. Mara nyingi utakaribishwa. Usipokaribishwa, pita kimya.

*Meza.* Mkate mtamu wa wafu wenye vipande vya mfano wa mifupa juu yake, chokoleti ya moto, na mole, mchuzi mzito wa pilipili nyingi na kakao kidogo unaomiminwa juu ya kuku au bata mzinga. Tamales, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda, zingewapendeza sana wapenzi wa ugali, ila nyingi zimekandwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza.

*Mfuko.* Hapa ndipo pagumu. Ni mbali kuliko zote, unabadilisha ndege Ulaya, Uturuki au Ghuba, na tiketi ni ghali. Kwa viza kuna nafuu moja: Meksiko imekuwa ikiwaruhusu watalii wenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen kuingia bila viza yake. Hakikisha ubalozini kabla hujalipa chochote. Hoteli za Oaxaca hujaa miezi mingi mapema. Na chukua koti: Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Pátzcuaro nayo imepita mita 2,000, kwa hiyo mkesha wa makaburini ni baridi kuliko usiku wa Nairobi.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye msiba wa zamani ambao hakupata nafasi ya kuulilia. Nasema hivi kwa uzito. Mteja wangu mmoja, mjane, alikwenda miaka michache iliyopita akiwa na picha ya mumewe kwenye pochi, na familia moja ya Oaxaca ikampisha nafasi mezani kwao. Inawafaa pia wapiga picha wenye subira. Mwenye haraka haimfai.

Thanksgiving, Marekani na Kanada

*Tarehe.* Marekani ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa sheria ya mwaka 1941. Mwaka 2026 ni tarehe 26. Kanada huitangulia kwa wiki kadhaa, Jumatatu ya pili ya Oktoba, wakati majani yamefika kileleni kwa rangi. Ukitaka mapukutiko yenyewe pamoja na sikukuu, Kanada ndiyo itakupa. Mwishoni mwa Novemba miti ya kaskazini ya Marekani imebaki mifupa.

*Mlango wa mgeni.* Ni ya sebuleni kuliko zote. Mchana wa Alhamisi hiyo maduka mengi yamefungwa, na mtu asiye na mwaliko atakula chipsi hotelini. Cha uwanjani ni kimoja kikubwa: maandamano ya duka kubwa la Macy's jijini New York, yaliyoanza mwaka 1924, yenye maputo makubwa kama nyumba. Kutazama barabarani ni bure, na jioni ya kuamkia unaweza kwenda karibu na jumba la makumbusho ya viumbe kuyaona yakijazwa hewa. Watoto hawasahau.

Kuna mlango mwingine ambao wachache wanaujua. Hadithi inayosimuliwa ni ya mwaka 1621 huko Plymouth, walowezi wa Kiingereza wakila mavuno yao ya kwanza na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa huko, wapatao 90 walioongozwa na Massasoit. Chakula hicho kililiwa kweli. Yaliyofuata ni vita, maradhi na ardhi kupotea, na tangu mwaka 1970 wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuiadhimisha kama siku ya maombolezo. Sisi tuliotawaliwa tunapaswa kuijua meza hii kwa pande zake zote mbili kabla ya kuikalia.

*Meza.* Hakuna sharti la pombe wala nguruwe. Bata mzinga wa tanuri, viazi vya kuponda, mchuzi, mchanganyiko wa mkate na viungo, beri nyekundu chachu, na pai ya boga. Chakula chao kina chumvi kidogo na pilipili hakuna. Lakini nilipoalikwa Ohio, kwa familia ya Wakongo kutoka Kivu, yule bata alikuwa amelazwa usiku mzima kwenye ndimu, tangawizi na pilipili mbuzi, pembeni yake sombe, yaani kisamvu, bugali, na sufuria ya pilau iliyoletwa na jirani Mmombasa. "Karibuni ku meza," akaita mama. Kabla ya kula kila mtu alisema anashukuru nini. Babu wa nyumba ile aliongea mwisho. Alitaja miaka aliyokaa Nyarugusu, kambi ya Kigoma, akataja namba ya hema lao, akanyamaza. Wajukuu waliozaliwa Marekani hawakuelewa Kiswahili chake chote, ila waliacha simu zao.

*Mfuko.* Tiketi za ndani ya Marekani hupanda sana Jumatano ya kuamkia na Jumapili ya kurudi, kwa hiyo fika Jumatatu. Viza ndiyo mlima: Januari 2026 Marekani ilisitisha viza za utalii kwa raia wa Tanzania, kwa hiyo uliza ubalozini kwanza; kwa wanaoruhusiwa, miadi ya mahojiano inaweza kuchukua miezi, na hakuna wakala anayeweza kukuhakikishia, hata mimi. Anayekuahidi, mkimbie. Kwa wa Kenya, Nairobi ina ndege ya moja kwa moja hadi New York tangu Oktoba 2018, na inapunguza uchovu kwa wenye watoto.

*Inamfaa nani.* Mwenye ndugu huko, akiwa shangazi, kaka au hata mtoto wa jirani mliyekua naye. Bila mwenyeji, sikushauri.

Kwa hali yako

Ikiwa huna mtu wa kukupokea popote, chagua ya uwanjani: Munich kama unapenda bia au hujali, Hong Kong kama hupendi. Kama una ndugu Marekani au Kanada, usiwaze sana. Mwaliko wa ndugu una thamani kuliko maandamano yoyote, na gharama ya malazi imeondoka.

Ukiwa na watoto wa shule ya msingi, angalia kwanza ratiba ya masomo. Likizo ndefu za shule zetu mara nyingi haziingiliani na Septemba, kwa hiyo wazazi wengi husubiri mwisho wa mwaka. Likizo ikianza kabla Novemba haijaisha, hapo New York inaibuka. Kwa wenye uwezo wa kuwaombea ruhusa, taa za Hanoi zinawafaa wadogo kuliko kelele za hema.

Kama unatafuta halali bila kuuliza kila sahani, Guangzhou na nyumba ya ndugu Marekani ndizo nyepesi. Meksiko na Munich zinakutaka uwe macho kila mlo, ingawa hutalala njaa.

Mwenye likizo ya siku saba asiende Meksiko. Siku mbili zitaishia angani na moja kuzoea saa. Apange siku kumi na mbili au aisubirishe mwaka mwingine. Wenye likizo fupi, Munich kwa siku tano inatosha kabisa.

Mwenye nia ya kuona majani yenyewe yakigeuka, na sikukuu iwe nyongeza, achukue Kanada mwanzoni mwa Oktoba, au Korea wiki chache baada ya Chuseok, wakati milima imeanza kuwaka na treni zina nafasi.

Na kama nauli haijatimia, ipo sikukuu moja ya majira hayohayo ambayo haihitaji pasipoti. Diwali mwaka 2026 ni 8 Novemba, usiku wa giza la mwezi, na mtaa wa Kisutu hapa Dar, wenye mahekalu yake, huwashwa taa. Mlango ni wa sebuleni kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kama una jirani au mwenzako wa kazi Mhindu, mwulize wiki mbili kabla kama unaweza kupita kumpa mkono wa sikukuu. Vua viatu mlangoni, na nenda na tumbo tupu, maana vitamu vyao havina mwisho.